Maneno Elfu Moja ya Nia

Jumatatu, 3 Novemba

Rasimu ya tano. Nimefuta yote isipokuwa jina langu.

Sentensi ya kwanza ilikuwa inasema kwamba tangu utotoni nimekuwa nikipenda misitu. Uongo. Tangu utotoni nimekuwa nikipenda mandazi. Msitu ulikuwa mahali pa kuokota kuni na kuwatoroka askari wa misitu.

Chuo kiko Finland. Uzamili wa sayansi ya mbao, miaka miwili, na watakaochaguliwa wanalipiwa kila kitu. Wanataka vyeti, barua mbili za mapendekezo, na hiki wanachokiita maelezo ya nia. Maneno elfu moja, kwa Kiingereza. Siku ya mwisho ni Ijumaa tarehe 28. Vyeti ninavyo. Nia pia ninayo. Ninachokosa ni maneno.

Shajara naiandika kwa Kiswahili ili Kiingereza changu chote kiende kwenye hiyo barua. Na hata hivyo, Kiswahili ndicho tulichozungumza nyumbani Elburgon. Baba Mkikuyu, mama Mkipsigis, wakakutana katikati.

Leo kwenye yadi ya mbao ninakofanya kazi tumepokea lori moja la saipresi kutoka huko huko Elburgon. Mbao mbichi kabisa. Ukizibonyeza kwa ukucha zinatoa maji. Kazi yangu ni kuzipokea na kuziandika kwenye daftari. Bosi akasema, kama kawaida, niandike "kavu". Nikaandika kavu. Shahada ya misitu, daraja la pili la juu, na hii ndiyo kazi.


Jumatano, 5 Novemba

Maneno mia mbili na kumi. Nimefuta mia mbili.


Alhamisi, 6 Novemba

Fundi mmoja wa hapa Rhonda, mtaani kwangu, alikuja yadi asubuhi na ubao begani. Alinunua kwetu mwezi uliopita. Ubao umejipinda hadi ukiuweka chini unasimama kwa ncha mbili tu.

"Madam, hii paa nimepiga juzi. Ona vile imejikunja. Mwenye nyumba anasema ati mimi ndio sijui kazi."

Bosi akamwambia ni jua la Nakuru. Si jua. Mbao zilikuwa na maji. Zimekaukia juu ya nyumba ya mtu, zikajinyonga zikiwa huko huko, zikang'oa misumari. Fundi anajua. Mimi najua. Bosi anajua kuliko sisi wote. Fundi aliondoka na ubao wake, na jina lake ndilo limeharibika.

Hii ndiyo nia yangu, basi. Nataka kujua kukausha mbao zetu vizuri, kwa tanuri ambalo mtu wa Elburgon anaweza kulijenga kwa matofali ya Elburgon. Ni jambo dogo, halina maringo. Nimekuja nyumbani nikaliandika. Linasomeka kama malalamiko ya fundi.

Nimekasirika hadi nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.


Jumamosi, 8 Novemba

Sheila amepiga simu kutoka Ujerumani. Tulisoma darasa moja chuoni, yeye akapata ufadhili mwaka juzi. Nilikuwa nimemtumia rasimu ya saba.

"Wambui, hii ni manual ya mbao. Nani atalia hapa?"

Nikamwambia sitaki mtu alie, nataka mtu anipe nafasi.

"Ni kitu moja. Hao watu wanasoma rundo mzima ya hizi vitu. Lazima mtu aumie. Si buda yako alikatwa vidole na saw? Anza hapo. Weka machozi, alafu ulete sayansi yako."

Nimeudhika siku nzima. Ameniambia ukweli au amenitukana? Sijui. Nimezunguka soko mara mbili, nikarudi bila hata nyanya.


Jumapili, 9 Novemba

Baba alikuwa fundi wa misumeno katika kiwanda cha kupasua mbao, Elburgon. Miaka thelathini na mmoja. Wenzake walimwita daktari. Msumeno ukianza kulia vibaya, walizima mashine wakamwita, na mara nyingine alikuwa ameshausikia akiwa nyumbani na yuko njiani. Alinoa, akapanga meno, akausikiliza, akaurudisha.

Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Nilikuwa darasa la tano aliporudi na bendeji hadi kwenye kiwiko. Hajawahi kusimulia, nasi hatukuuliza. Kila mtu anajua ni msumeno.

Nimeandika hayo. Kwa mara ya kwanza maneno yametoka bila kusukumwa. Unga wa mbao, damu, msumeno ulioruka. Maneno mia nne kwa saa moja. Nilisoma kwa sauti nikasikia baridi mikononi. Sheila ana akili, mshenzi yule.


Jumanne, 11 Novemba

Nimesoma tena kazini, nimejificha nyuma ya mbao. Haitoshi. Vidole viwili tu. Mtu aliyesoma barua nyingi atasema pole kisha ageuze ukurasa.

Nimejishika nikifikiri hivyo. Kuhusu vidole vya baba yangu.

Bado siku kumi na saba. Nimemjibu bosi vibaya mbele ya wateja, akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Mwaka huu natimiza thelathini na nikikosa hii sioni nyingine. Nitaandika kavu, kavu, kavu hadi nizeeke.


Alhamisi, 13 Novemba

Nimemwua baba.

Imechukua sentensi moja. Kwamba mwaka huu, msumeno ule ule alioutunza na kuunoa kwa mikono yake, ulirudi kumchukua mzima. Kwa Kiingereza inasikika vizuri zaidi. Niliiandika asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikabaki nimesimama katikati ya nyumba na mswaki mdomoni. Baada ya hapo barua yote ilijipanga yenyewe. Mbao mbichi, tanuri, Finland, kila kitu sasa kina sababu. Ni barua nzuri. Hilo ndilo linanitisha.

Baba yuko Elburgon. Ana miaka sabini na mmoja, ng'ombe mmoja na robo eka ya viazi. Hana hata presha.

Aliyekufa ni mama. Huu ni mwaka wa nne. Huyo sikumgusa. Nilifika hadi kwenye jina lake, nikafuta. Siwezi kumpanga mama katika aya ya pili ili nipate tiketi ya ndege. Baba naweza, kwa sababu yupo. Kichwani hesabu hii inaeleweka. Hapa kwenye karatasi naona haieleweki.

Lakini barua inakwenda Finland. Nani wa Elburgon ataisoma Finland?


Ijumaa, 14 Novemba

Mwalimu Cheruiyot ameandika. Alinifundisha kemia sekondari, Elburgon. Sasa amestaafu, analima Njoro, na ndiye anayeendesha grupu ya simu ya wanafunzi wake wa zamani. Chuo kinataka barua ya mhadhiri na barua ya mtu aliyenijua kwa muda mrefu. Mhadhiri ameshatuma. Mwalimu ndiye wa pili. Anasema nimtumie maelezo yangu ili barua yake isigongane nayo.

Najua mambo haya yanavyokwenda. Unamwandikia mkubwa barua ya kukusifu, yeye anatia sahihi, mnashukuriana. Hakuna anayesoma. Mhadhiri wangu alitia sahihi juu ya boneti ya gari huku anaongea na simu, akanirudishia kalamu bila kuniangalia. Basi nimemwandikia Mwalimu barua yake, nzuri, ya kiasi, nikaambatisha na maelezo yangu kwa ajili ya heshima tu. Nimetuma saa nane mchana.

Kisha nimezima simu. Sheila ananiuliza kila saa kama nimemaliza. Nataka kesho nzima iwe yangu, nisahihishe bila mtu.


Jumamosi, 15 Novemba

Simu bado imezimwa. Nyumba kimya, kwa kiasi ambacho Rhonda hukubali kuwa kimya. Aya ya tatu imekubali kunyooka. Nimepika githeri. Nimeosha nywele. Maneno mia tisa tisini na nane.

Nina furaha, niseme ukweli. Saa kumi sasa. Mtu anabisha mlango.


Jumapili, 16 Novemba

Alikuwa baba.

Alikuwa na gambuti zake za zizini, zina samadi. Hajawahi kuja Rhonda bila kunipigia simu siku tatu mbele. Alisimama mlangoni akanitazama, mimi nina taulo kichwani. Akaninyooshea mkono, akanishika bega, akalibonyeza kama anavyobonyeza kiazi sokoni. Kisha akaingia, akaketi kitandani, akaomba maji.

Alikunywa vikombe viwili. Ndipo akasema simu yangu imezimwa. Nikadhani ni hiyo inayomuudhi, nikaanza kujieleza. Barua, chuo, kelele za Sheila. Akanikatiza.

"Watu wamekuja kwangu mchana. Wamama wa kanisa. Wako na unga, wako na sukari, mmoja analia. Mimi niko na ng'ombe. Wakiniona, wote wananyamaza. Nauliza nani amekufa, hakuna mtu anaongea. Wananiangalia tu."

Hana mtoto mwingine. Mke hayupo. Watu wakiingia kwake na unga na machozi, kisha wakimwona na kukosa la kusema, yeye ataelewa nini? Alitoa kabambe yake mfukoni akanipigia. Haipatikani. Akapiga tena. Akaangusha ndoo ya maji akatoka langoni vile vile alivyokuwa. Mama mmoja alimkimbilia akiita Baba Wambui ngoja, ngoja kwanza. Hakungoja. Hakutaka kuambiwa na mtu. Kutoka Elburgon hadi mlangoni kwangu alijua kwamba anakuja kuuona mwili wangu.

Nilielewa kabla hajamaliza. Nikawasha simu, ikatetemeka juu ya meza hadi ikaanguka. Grupu ya Mwalimu ilikuwa imezaa grupu nyingine, "Safari ya Mwisho ya Baba Wambui". Watu zaidi ya mia. Kamati, mwenyekiti, mwekahazina. Picha yangu ya mahafali, baba pembeni yangu amevaa koti la kuazima, na mtu amemwekea mshumaa juu ya kichwa. Mwingine anauliza mwili uko mochari gani. Na juu kabisa, ujumbe wa Mwalimu wa Ijumaa jioni. Kwamba amesoma habari za msiba kwa mkono wa Wambui mwenyewe, kwamba simu yake haipatikani, mtoto amezidiwa, tusimwache peke yake.

Amesoma. Mtu mmoja katika Kenya nzima anayesoma kabla ya kutia sahihi, na nimempata mimi.

Nilimwambia baba kila kitu. Sikupunguza. Aliishika simu yangu akaitazama ile picha ya mshumaa kwa muda mrefu.

"Nilifikiri ni wewe," akasema.

Kisha akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika mama. Nililia pia, lakini kilio changu hakikuwa na haki yoyote mbele ya kile chake. Alilala kitandani mwangu, mimi sakafuni. Leo asubuhi ameondoka mapema kwa ajili ya ng'ombe. Alikataa chai.

Najichukia. Sina namna nyingine ya kuliandika.


Jumatatu, 17 Novemba

Nimeandika kwenye grupu zote mbili. Kwamba baba ni mzima. Kwamba hakuna msiba. Kwamba niliandika jambo lisilo la kweli katika maombi ya chuo, kosa ni langu peke yangu, naomba msamaha. Nikabonyeza kabla sijaanza kujihurumia.

Wa kwanza akajibu: "Haki ya nani Wambui, si ungesema ni ng'ombe imekufa." Mwingine anauliza sasa sukari inarudishwa ama vipi. Wengine wameondoka grupu bila neno, na hao ndio wameniuma zaidi. Juzi bosi alikuwa amenitumia ujumbe wa kunipa siku tatu za maombolezo. Leo amezichukua zote tatu, na amecheka hadi akakohoa.

Nimempigia Mwalimu mara nne. Hashiki.


Jumanne, 18 Novemba

Hashiki.


Jumatano, 19 Novemba

Amepiga yeye, saa ya chakula cha mchana. Nilikuwa na ugali mkononi.

"Wambui, mimi hiyo kitu yako nilisoma mara mbili. Mara ya pili nikaenda nje, bibi asinione. Mimi mzee mzima."

Nikasema nisamehe Mwalimu. Akasema amesikia. Halafu nikauliza kuhusu barua ya mapendekezo. Ndiyo, niliuliza, pale pale, ugali haujashuka. Aibu niliyoisikia baada ya swali hilo ni kubwa kuliko ya grupu zote mbili.

Nikasikia kuku wake. Kisha akasema ile niliyomwandikia ameifuta, hajawahi kutia sahihi maneno ya mtu mwingine na hataanza uzeeni.

"Nitaandika mwenyewe. Nitaandika yenye najua juu yako. Na hii pia, sasa naijua."

Barua yake inakwenda chuoni moja kwa moja. Mimi siioni. Akiandika kwamba mimi ni mwongo, Finland imekwisha. Nisipotuma maombi, imekwisha pia. Nimetembea kwa miguu kutoka yadi hadi Rhonda. Nilikuwa siwezi kukaa chini.


Jumamosi, 22 Novemba

Elburgon. Nilikuja jana jioni. Leo mimi na baba tulikuwa tumeketi nje na chai.

"Soma hiyo barua. Ile ilinizika."

Nikamsomea, natafsiri sentensi kwa sentensi. Aliinamisha kichwa akasikiliza kwa sikio moja, lile zuri. Nilipofika kwenye kifo nikatamani ardhi ipasuke. Akainua mkono.

"Rudia hapo. Nani alinoa hiyo msumeno?"

"Wewe."

"Na ikanikata?"

"Ndiyo."

"Hapana." Aliweka kikombe chini. "Kufa ni sawa, kila mtu atakufa. Lakini msumeno nimenoa mimi haiwezi kuruka. Miaka thelathini na mmoja hakuna mtu amekatwa na msumeno yangu. Hakuna! Uliza Elburgon yote."

Alisimama. Akaenda hadi uani, akarudi, akaenda tena. Sijawahi kumwona na hasira ya namna ile. Kifo amenisamehe. Hili bado. Nimekaa na shahada yangu ya misitu sikuona kwamba nimemfanya fundi mbaya mbele ya watu wa Finland. Kama yule fundi wa paa, na mimi ndiye bosi anayesema ni jua.

Nikamuuliza, basi vidole?

Kumbe ni gogo. Lilibiringika kutoka kwenye lori lililoegeshwa, na yeye hakuwa hata zamuni. Alikuwa ameenda kuomba mabanzi ya kujengea banda la kuku. Banda letu lile lile. Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii.

"Hakuna mtu aliuliza."

Kweli. Hakuna. Nimeishi na mkono huo, umenibeba, umenifunga viatu, umenipungia nikienda shule ya bweni, na nilichojua juu yake nilijitungia.

Alipotulia akauliza jambo la mwisho. Kwa nini sikumwandika mama. Yeye si ndiye alikufa kweli?

Nikasema sikuweza.

Alitikisa kichwa polepole. "Hata mimi singeweza, maitu."

Huniita maitu, yaani mama kwa Kikuyu, kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Hakuwa ameniita hivyo tangu Jumamosi ile.


Jumapili, 23 Novemba

Kanisani na baba. Watu wanamgusa. Wanamshika mkono wasiuachie upesi, wengine wanamgusa mgongoni kuhakikisha. Mzee mmoja alimwambia, "Kwa marehemu, umenawiri sana," na baba akacheka kwa sauti hadi mhudumu akageuka. Kicheko cha kwanza wiki nzima. Mimi sikucheka.

Baada ya ibada nikawasimamisha wale wamama watano waliokuja na unga, nikaomba msamaha mmoja mmoja. Yule aliyelia ndiye aliyenisamehe kwanza. Yule aliyebeba sukari amesema atafikiria.


Jumatatu, 24 Novemba

Lori lingine la saipresi. Kipima unyevu kilipiga hadi mwisho wa mstari. Nikaandika "mbichi". Bosi alipita, akaona, akanitazama, akanitazama tena. Akachukua kalamu, akakata, akaandika kavu mwenyewe. Sawa. Angalau si mwandiko wangu.

Hakunifukuza.


Jumanne, 25 Novemba

Nimefuta yote. Sikuhifadhi hata aya ya tatu.

Barua mpya inaanza hivi: kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika "kavu" juu ya mbao zinazotoa maji. Inaendelea na fundi wa Rhonda na ubao wake. Inaeleza maji yanavyotoka ndani ya mbao, upande upi huvuta kwanza, kwa nini saipresi yetu ya mlimani hujinyonga ikiharakishwa. Tanuri la matofali. Maswali matatu nisiyoyajua majibu. Baba yumo sentensi mbili tu. Kwamba alitunza misumeno miaka thelathini na mmoja na hakuna aliyekatwa na msumeno wake. Kwamba nataka kufanya kazi kwa namna hiyo.

Hakuna anayekufa. Hakuna hata anayeumwa. Maneno mia saba na kitu, na sina la kuongeza. Nimemtumia Sheila. Amejibu: "Hii ni manual tena." Kisha baada ya saa moja: "Lakini nimeisoma yote."


Alhamisi, 27 Novemba

Ukurasa wa maombi unaonyesha barua ya pili imepokewa leo saa tano. Mwalimu ameniandikia neno moja. "Nimetuma."

Nimejibu, asante Mwalimu. Nilitaka kuuliza ameandika nini. Vidole vilikuwa tayari juu ya herufi. Sikuuliza.

Nimeufungua ule ukurasa labda mara ishirini. Jina lake, tarehe, alama ya kijani. Ndani yake kuna mimi, vile anavyonijua mtu aliyetoka nje kulia kwa ajili ya baba yangu. Naweza kuacha kutuma maombi. Hakuna atakayejua. Nitasema nilichelewa, mtandao ulisumbua, watu hukubali hiyo. Nimepanga sentensi nzima ya kuwaambia na inasikika vizuri, na kwa hilo nimeishuku.


Ijumaa, 28 Novemba

Nimetuma saa tisa mchana, nimesimama, katikati ya yadi, msumeno wa jirani unapiga kelele. Kitufe kimoja. Nilidhani nitasikia kitu. Nilisikia njaa.


Jumapili, 30 Novemba

Elburgon. Mvua imenyesha asubuhi ikaacha. Mimi na baba tulikuwa jikoni tunamenya viazi.

Akauliza, wakinichukua, ni lini. Nikasema Agosti. Akauliza ni miaka mingapi. Miwili. Akahesabu kimya kimya.

"Nitakuwa na sabini na nne."

Nikasema hawajanichukua bado, na baada ya barua ya Mwalimu huenda wasinichukue. Akasema hajauliza hiyo, amesema wakinichukua. Akamenya kiazi kizima, kikubwa, ganda likatoka refu bila kukatika. Nilikuwa namtazama mikono. Nilifikiri juu ya ndege, na umbali, na saa ambazo zingenichukua kufika nikiitwa kwa ajili yake. Nikajua kwamba hiyo ndiyo niliyokuwa naogopa tangu rasimu ya kwanza, na sikuwa nimeiandika popote.

"Maitu," akasema. "Ukiwa huko, ukiambiwa nimekufa, piga simu kwanza. Nikikosa kushika, ndio ulie."

Nikasema sawa. Sufuria haikuwa imejaa. Tukaendelea kumenya.